Kidole Kilichonukia Karafuu

Msimu wa karafuu unapofika Mgogoni, hakuna mtoto anayerudi kutoka skuli akakaa bure. Raniya aliujua utaratibu wake vyema. Akifika nyumbani huvua sare, hula, huswali, kisha huketi juu ya jamvi pamoja na mama yake, Bi Asma, wakachambua karafuu. Huchukua kishada kimoja kimoja, karafuu akazidondosha upande huu na makonyo, yaani vijiti vyake, upande wa pili. Inapofika alasiri vidole vyake huwa vyeusi na vinanata, na harufu yake haiondoki kwa maji matupu.

"Nawa kwa sabuni kabla hujagusa daftari," Bi Asma alimwambia kila siku. "Karafuu ina mafuta. Ikishika, imeshika."

Raniya alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye alisoma darasa la sita. Sauti yake ilikuwa nzuri, kwa hiyo alichaguliwa kuongoza kasida katika mashindano ya skuli yaliyopangwa kufanyika Jumamosi mjini Chake Chake. Tena Mwalimu Nassor, aliyewasimamia waimbaji, alimwamini hata akampa ufunguo wa kabati la vifaa, na Raniya aliuvaa shingoni kwa kamba, juu ya mtandio, ili kila mtu auone.

Kasida waliyoichagua ilitungwa na marehemu Maalim Othman, aliyefundisha katika skuli hiyo hiyo zamani. Maneno yake yalikuwa yameandikwa, na kila mwimbaji alikuwa nayo. Tabu ilikuwa lahani, yaani namna ya kuyaimba. Katika ubeti wa tatu lahani ilibadilika kabisa, na watu waliokuwa wakiiimba walikuwa wamekwisha kutawanyika au kufariki. Ilibaki katika diski moja tu, nayo ilitunzwa na mjane wake, Bi Mwatum.

Jumatatu asubuhi Bi Mwatum aliileta diski hiyo mwenyewe, ikiwa imefungwa katika kitambaa cheupe.

"Deki yangu ya kupigia diski iliharibika siku nyingi," alimwambia Mwalimu Nassor. "Nimeitunza diski hii miaka kumi na saba. Sauti ya mume wangu haimo mahali pengine popote. Naiazima skuli kwa wiki moja, na irudi kama ilivyokuja."

Skuli ilikuwa na kompyuta mpakato mpya iliyotolewa na wanafunzi wa zamani. Ilikuwa nyembamba kama ubao wa madrasa. Maisa, rafiki yake Raniya, aliizungusha pande zote akitafuta pa kutia diski.

"Mdomo wake uko wapi?" aliuliza.

"Hizi za siku hizi hazina," Raniya alijibu.

"Basi hiyo diski itaila kwa wapi?"

Mwalimu Nassor alicheka, kisha akatoa mkobani kisanduku chembamba cheusi. Kilikuwa chombo cha kusomea diski kinachounganishwa na kompyuta kwa waya. Wauzaji hukiita draivu ya nje. Alikichomeka, akatia diski, akabonyeza. Diski iliguna, ikazunguka kidogo, ikanyamaza. Alijaribu mara ya pili na ya tatu, ikawa vile vile.

Raniya aliinama akautazama waya. "Mwalimu, huku mwisho una vichwa viwili. Sisi tumechomeka kimoja."

"Nilidhani hicho cha pili ni cha akiba," Mwalimu Nassor alisema. Alivichomeka vyote viwili, na draivu ikapata nguvu ya kutosha. Mara ikasikika sauti ya mwanamume, nzito na tulivu, na nyuma yake dufu zikipigwa taratibu:

*Kalamu yangu na wino, Mola nakutegemea,*
*Utie nguvu mkono, kweli isije potea.*

Darasa zima lilisogea karibu. Lakini umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na betri ya kompyuta ilikuwa karibu kwisha. Ubeti wa kwanza ulipomalizika, kioo kikazimika.

"Kesho nina mkutano," Mwalimu Nassor alisema. "Jumatano tutaisikiliza yote na kuinakili. Mpaka hapo asiiguse mtu. Umenisikia, Raniya?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Siku ya pili yake, Raniya akiwa jamvini na vidole vimekwisha kuwa vyeusi, Maisa alifika mlangoni.

"Shoga, mimi jana nilisimama nyuma, sikusikia vizuri," alisema. "Umeme umerudi. Na ufunguo si unao wewe?"

"Mwalimu amekataza."

"Aa, kumbe ufunguo ni wa kuvaa tu. Nilidhani ni wa kufungulia."

Maneno hayo yalimchoma Raniya. Bi Asma alikuwa amekwenda kuanika karafuu uani. Raniya alijifuta mikono kwa kanga kuukuu, akatoka na Maisa mbio hadi skuli. Wanafunzi wa masomo ya ziada walikuwa bado madarasani, na hakuna aliyewauliza kitu.

Alifungua kabati, akaitoa diski na vifaa, akawasha kompyuta, akachomeka vichwa vyote viwili vya waya kama fundi aliyeanza kazi zamani. Kisahani cha draivu kilipotoka nje, Maisa aliona kitone cha kioo kinachong'aa kando ya mahali pa kuwekea diski.

"Hicho nini?"

"Hilo ndilo jicho lake, ndilo linalosoma."

"Mbona lina vumbi?"

Raniya hakufikiri. Alikibandika kidole chake cha shahada juu ya lile jicho, akalifuta. Kisha akaipachika diski na kukisukuma kisahani ndani. Draivu ilizunguka. Wakangoja. Ilizunguka tena, na kompyuta ikaandika kwamba haikuona diski yoyote.

Raniya aliitoa diski akaona alama za vidole vyake, za rangi ya hudhurungi, zimejipanga ukingoni. Aliifuta kwa leso mpaka ikameta. Akajaribu tena, ikawa kimya.

"Hatukuja hapa," alisema, akivirudisha vitu kabatini.

"Wewe hukuja na mimi sikuja," Maisa alijibu. "Lakini habari hii siipendi."

Jumatano Mwalimu Nassor aliiweka diski mbele ya darasa zima. Draivu ilizunguka bila ya kutoa sauti. Aliitazama diski kwenye mwanga, akaiona safi, haina hata mkwaruzo. Alivitoa vichwa vya waya akavichomeka upya. Mwisho alikaa kitini.

"Diski ni ya zamani," alisema. "Inaelekea imekufa."

Bi Mwatum aliitwa. Alikuja akaketi katika kiti cha mbele, akaelezwa.

"Imekufa vipi? Juzi si ilisema?"

"Ilisema, Bibi. Nasikitika."

Bi Mwatum aliipokea diski, akaanza kuifunga katika kitambaa chake. Alikunja pembe moja, akaikosa ya pili, akakunjua na kuanza tena. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Mara ya kwanza alifariki yeye mwenyewe," alisema. "Leo amefariki mara ya pili."

Alipoondoka, Mwalimu Nassor aliwaambia waimbaji kwamba ingebidi wajitoe katika mashindano, kwa maana kasida haiwezi kuimbwa nusu. Raniya alitazama chini. Ufunguo aliouvaa shingoni ulimwelemea.

Alasiri ile alikaa jamvini lakini mikono haikwenda. Alikinusa kidole chake cha shahada. Kilinukia karafuu, ijapokuwa alikuwa amenawa asubuhi. Karafuu ina mafuta, ikishika, imeshika. Hapo akaelewa. Diski aliifuta, lakini lile jicho aliligusa na hakulisafisha. Huenda diski ilikuwa nzima. Huenda kilichokuwa kipofu ni draivu.

Akisema, atanyang'anywa ufunguo, na huenda na kasida pia. Asiposema, Bi Mwatum atakwenda na diski yake akaifungia sandukuni, na sauti ile haitasikika tena. Hapana mtu mwingine aliyejua kilichotokea ila yeye na Maisa.

Aliinuka akanawa kwa sabuni mara mbili, akaenda nyumbani kwa Mwalimu Nassor.

"Mwalimu, diski haijafa," alisema kabla hajakaribishwa. "Jana nilifungua kabati. Nililigusa jicho la draivu kwa kidole chenye karafuu."

Mwalimu Nassor alimgeukia. "Leo Bi Mwatum alipokuwa amekaa pale, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa kupoteza nini?"

"Ufunguo, na kuongoza kasida."

"Na yeye alikuwa akipoteza nini?"

Raniya aliushika ufunguo shingoni.

"Lete ufunguo," Mwalimu alisema, na Raniya akauvua. "Kesho asubuhi tutakwenda Wete kwa fundi. Lakini kwanza tutapita kwa Bi Mwatum, na atakayesema ni wewe, si mimi."

Walipofika kwa Bi Mwatum asubuhi ya Alhamisi walimkuta Maisa amekwisha kutangulia kuja kukiri sehemu yake, amesimama ukumbini na macho mekundu. Raniya alieleza yote, tangu ufunguo mpaka kidole. Bi Mwatum alimsikiliza bila ya kumkatiza. Kisha akavaa baibui lake, akaichukua diski.

"Twendeni," alisema.

Fundi waliyemwendea aliitwa Thuraiya, mwanamke kijana aliyekuwa na duka dogo la kutengenezea simu na kompyuta. Aliivuta draivu, akakifungua kisahani, akainusa.

"Hii nayo imekwenda kuchambua karafuu?" aliuliza.

Raniya alisogea mbele. "Mimi ndiye niliyechambua. Kisha nikaligusa hilo jicho."

"Uliligusa kwa nguvu au polepole?"

"Polepole, kama mtu anayefuta kioo."

"Ulilifuta kwa kitu kingine baadaye? Mchanga, dawa ya meno?"

"Hapana."

"Vizuri. Umeniokolea kazi kubwa. Ungeniletea diski ukaniambia imekufa, ningeitazama diski peke yake. Hili jicho nisingelifikiria."

Fundi Thuraiya alizungushia pamba kwenye kijiti, akaichovya katika spiriti, akaigusisha kwenye jicho kwa wepesi mkubwa. Pamba ilitoka na doa la hudhurungi. Akabadilisha pamba, akarudia, mpaka ikatoka nyeupe. Kisha akawaambia wangoje ikauke.

Aliipachika diski, akachomeka vichwa vyote viwili katika kompyuta ya skuli waliyokuja nayo. Diski ilianza kuzunguka, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa mwendo mmoja. Dufu zikalia. Sauti ya Maalim Othman ikajaa katika duka lile dogo hata mpita njia mmoja akasimama nje kusikiliza.

Ubeti wa kwanza ukapita, na wa pili ukapita.

"Sasa atakohoa," Bi Mwatum alisema.

Na kweli, kutoka katika kompyuta kilisikika kikohozi kifupi. Bi Mwatum alitabasamu, akauziba mdomo wake kwa ncha ya baibui. Halafu lahani ikageuka. Dufu zilikwenda mbio, sauti ikapanda juu, ikakaa huko, kisha ikateremka hatua kwa hatua. Raniya aliifuata kwa midomo bila ya kutoa sauti. Kabla hawajaondoka, fundi aliinakili kasida yote ndani ya kompyuta, na mara ya pili katika flashi, akamkabidhi Bi Mwatum.

Njiani Mwalimu Nassor alisema kwamba angemtafuta kiongozi mwingine wa kasida.

"Ufunguo umemnyang'anya, na umefanya vyema," Bi Mwatum alimjibu. "Sauti yake muachie. Skuli inaihitaji, na mimi nataka kuisikia lahani ile ikiimbwa tena Jumamosi."

Walifanya mazoezi Alhamisi hiyo mpaka magharibi, na Ijumaa baada ya swala. Maisa alikuwa akiukosea ubeti wa tatu kila mara na kuwachekesha wenziwe, mpaka alipoupata. Baada ya hapo hakukosea tena.

Jumamosi ukumbi wa Chake Chake ulijaa. Skuli tisa zilitangulia. Ilipofika zamu ya Mgogoni, Raniya alisimama mbele, na shingoni hakuwa na ufunguo. Alianza kwa sauti ya chini, *Kalamu yangu na wino*, na wenziwe thelathini wakamwitikia. Katika ubeti wa tatu lahani ilipogeuka, wazee waliokuwa safu ya nyuma wakainua vichwa. Mmoja wao aliinuka kabisa, akaanza kuitikia pamoja na watoto, kwa maana alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiiimba na Maalim Othman ujanani mwao. Wa pili akainuka, kisha wa tatu. Kasida ilimalizika kwa sauti za watoto na za wazee zikiwa zimechanganyika, na ukumbi mzima ulikuwa umesimama.

Majaji hawakukawia. Skuli ya Mgogoni ilitangazwa kuwa ya kwanza, ikazawadiwa makabati mawili yaliyojaa vitabu. Watoto walimbeba Mwalimu Nassor juu juu hata viatu vyake vikamvuka.

Raniya alipotoka nje alimkuta Bi Mwatum amekaa kwenye ukuta mfupi, na kitambaa cheupe mapajani.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema. "Ulifanya makosa mawili. Kosa la kwanza lilikuwa kugusa ulichokatazwa, na hilo lilisafishwa kwa pamba na spiriti. Kosa la pili lilikuwa kunyamaza. Hilo lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu ulipokuwa kimya sote tulikuwa tukiilaumu diski isiyokuwa na hatia, na hapana fundi ambaye angeweza kututengenezea. Ukweli wako ndio uliomwonyesha mahali pa kuanzia. Ukikosea tena, na utakosea, usingoje mpaka mtu alie. Sema siku ile ile."

"Nitasema, Bibi."

"Nionyeshe mikono."

Raniya aliinyoosha. Bi Mwatum aliigeuza, akatazama kucha, akatazama viganja, akakinusa kidole cha shahada. Kilinukia sabuni.

Basi akakichukua kile kitambaa cheupe, na diski ikiwamo ndani, akakiweka juu ya viganja vile viwili.

"Nibebee mpaka nyumbani," alisema.