Mkono wa Fundi Wapimwa Tena

Fundi cherehani alikuwa anashona suruali, mara mkono wake wa kulia ukaanza kurukaruka wenyewe. Mwanzoni yeye na mkewe walicheka. Uliporudia, kicheko kikawaishia.

Hospitalini picha ilionyesha uvimbe kwenye ubongo, jirani na sehemu inayoendesha mkono huo. Fundi akawaza. Uvimbe utolewe, sawa, lakini mkono ukipooza atashona na nini?

Dada mmoja mpimaji, mpole asiye na haraka, akawaeleza kuwa kabla ya upasuaji lazima ichorwe ramani ya sehemu hiyo ya ubongo. Akambandika Fundi nyaya mkononi, akamwekea kifaa cha sumaku kichwani. Hakuna kisu, hakuna sindano. Kifaa kikalia ta! Kidole gumba kikaruka.

"Nani kakisogeza?" Fundi akauliza.

"Ubongo wako. Sumaku imegusa pale unapoamrisha kidole."

Kila mara kidole kiliporuka, mpimaji aliweka alama kwenye picha ya ubongo. Fundi alikuwa amelegea kwa woga, hata kupumua alipumua kwa adabu.

Kesho yake akaitwa kurudia. Safari hii ramani ikatoka pana kupita ile ya jana. Mkewe akanuna, akanong'ona kwamba watu hawa wanabahatisha tu, heri warudi nyumbani. Fundi naye akaanza kutafuta viatu.

Mpimaji hakukasirika. Alisema ndiyo maana wanarudia: ramani isiyofanana na mwenzake haiaminiki. Kisha akautazama mkono. Fundi, ambaye woga ulishamtoka, alikuwa amebana upindo wa shati kwa vidole tangu kipimo kilipoanza, kama yuko kazini.

"Fundi, msuli ukikazwa unajibu kupita kiasi, na ramani inapanuka. Ulegeze."

Fundi akacheka mpaka machozi. "Kumbe mimi ndiye yule mteja anayebana tumbo nikimpima kiuno! Suruali ikimkataa, lawama kwangu."

Akaulegeza mkono. Ramani ikatoka ileile ya kwanza. Wakarudia siku nyingine, ileile. Daktari mpasuaji alisema hatari haiishi yote, na wakati wa upasuaji atahakikisha tena, ila sasa anajua pa kupita na pa kukwepa.

Uvimbe ukatolewa. Alipopata nguvu, mkewe akampa sindano na uzi. Fundi akatunga uzi mara moja. Mke akalia kwa furaha, wala hakujificha.

Leo cherehani inanguruma. Mteja wa kwanza aliingia, akasimama wima, akavuta tumbo ndani.

"Legeza, ndugu yangu," Fundi akasema, futi mkononi. "Halafu nitakupima tena."