Mnazi wa Posa Niliojinunulia

Nina umri wa miaka thelathini na minne. Nauza samaki sokoni Garsen, kambare wa kukaanga na kambare wa kukausha, na harufu yao hainitoki hata nikioga kwa sabuni gani. Sina mume. Niliwahi kuamini kwamba ninaye... na hapo ndipo mkasa wangu unapoanzia.

Nawaandikia nyinyi msionijua, kwa sababu wanaonijua wamekwisha kucheka vya kutosha.

Katana alikuwa fundi wa pampu. Wakulima wa huku huvuta maji ya Mto Tana kwa injini ndogo za dizeli, na injini hizo hazimalizi msimu bila kukohoa. Katana alizijua kwa mlio. Siku moja alikuja kula samaki kibandani kwangu, akarudi kesho yake, na mahindi yalipovunwa nguo zake zilikuwa zinaanikwa kwenye kamba yangu. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyejibu. Tulikaa tu, kama wanavyokaa wengi siku hizi.

Nilimpenda. Kwa nini nidanganye? Nilipenda hata weusi wa oili chini ya kucha zake.

Lakini mimi ni Mgiriama, binti wa kwanza wa mzee anayeshika mila. Wazee wetu walipohamia huku deltani kutoka kusini waliacha mengi njiani, ila jambo la mnazi hawakuliacha. Mwanamume akikutaka, watu wake huja kwa baba yako na mtungi wa mnazi, ile pombe inayogemwa kileleni. Unawekwa chini. Baba haugusi. Anakuita wewe mbele ya wote, anakuuliza: tunywe? Ukisema nyweni, umekubali, na tangu saa hiyo wewe ni mke wa watu. Ukinyamaza, mnazi unarudi ulikotoka. Bila mnazi huo, hata ukae na mtu mpaka uote mvi, kwa baba yangu wewe ni msichana aliyepotea njia.

Na baba alikuwa mgonjwa. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Kila nilipokwenda kijijini kumtazama, alinishika mkono na kunitania, "Mama, mnazi wako nitaunywa lini? Au mtanimwagia juu ya kaburi?"

Tulicheka wote wawili. Kisha nililia njia nzima kurudi Garsen. Sikutaka kitu kingine duniani! Nilitaka baba anywe mnazi wangu akiwa hai.

Kwenye simu nilikuwa nimeona wanawake wa mijini wakiwapigia magoti wapenzi wao, pete mkononi, watu wakishangilia. Nikajiuliza, kwa nini nisiwe mimi? Mdomo ninao. Nikamweleza Halima, mama wa Kiorma anayeuza maziwa kando ya kibanda changu. Alinisikiliza huku akipangusa kibuyu chake.

"Wewe nataka yeye," alisema. "Mdomo ni yako, sema. Lakini yeye nataka wewe?"

"Ananitaka."

"Basi miguu yake iko wapi? Kwetu, watu ya mwanaume nabeba kahawa, nakuja mpaka kwa baba. Kama miguu hapana kuja, mdomo ni ya nini?"

Nilimwambia maziwa yake yamechacha na maneno yake vilevile. Laiti ningejua!

Nilimkuta Katana ukingoni mwa mto, chini ya migomba, amelala ubavu kando ya pampu iliyofunguliwa kama samaki aliyepasuliwa. Sikupiga magoti; tope lilikuwa jingi. Nilisimama tu.

"Katana, nioe."

"Nipe hiyo spana," akasema.

Nikampa. Nikarudia. Safari hii aliketi, akafuta mikono kwa kitambaa, akanitazama na lile tabasamu lake la upande mmoja. "Wewe mwanamke una ujasiri! Sawa tu."

Sawa tu! Ndugu zangu, maneno hayo mawili niliyabeba hadi sokoni kama maji kwenye viganja, nikiogopa yasimwagike. Sikuona jinsi yalivyokuwa madogo. Mwenye kiu huona nini?

Nikasubiri awatume watu wake. Mara alikuwa na pampu ya kutengeneza huko Kipini. Mara mjomba wake ana homa. Mara mto ukafurika, mashamba yakawa ziwa, na kwa kweli hakuna aliyekwenda popote. Maji yalipokauka, tope likapasuka, majani yakaota... na Katana bado alikuwa akisema sawa tu, sawa tu, kesho kutwa.

Kisha shangazi yangu Sidi, dada ya baba, akanipigia simu. Baba hakuwa akitoka tena nje bila kushikwa.

Siku hiyo nilimwambia Katana, "Mnazi nitaununua mimi. Wewe njoo tu na mjomba wako."

"Sawa tu."

Akiba yangu ilikuwa ya kuezeka kibanda kwa mabati. Niliitoa. Garsen minazi ni ya kutafuta, kwa hiyo niliagiza upande wa Kipini, mnazi ukaja juu ya pikipiki ukitoa povu shingoni mwa mtungi. Niliupangusa mtungi huo mwenyewe. Nikaufunika kwa leso yangu mpya, ili uonekane umetoka kwa watu wenye heshima zao. Mjomba wake, Mzee Ngala, mtu asiyekataa safari yoyote yenye kinywaji mwisho wake, alikubali kuuongoza pamoja na wazee wenzake.

Walifika kwetu jua likiwa bado halijawa kali. Mimi nilikuwa nimetangulia, nimejificha jikoni na shangazi kama mwali wa kweli. Nikachungulia. Nikawahesabu wageni kwa macho, nikawahesabu tena... Katana hakuwapo! Simu yake haikupatikana.

"Kijana ameitwa kazini huko Chara," Mzee Ngala aliwaeleza wazee wetu. "Pampu imekufa na mpunga unakauka. Lakini neno lake ni hili hapa." Akaupiga mtungi kofi.

Neno lake! Mimi nilijua neno lile ni la nani.

Shangazi alitazama mtungi, akanitazama mimi. "Leso nzuri," akanong'ona. "Inafanana na yako." Nikajifanya nachochea moto.

Baba akaniita. Alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha kamba, amevaa kofia yake ya sherehe, na macho yake yalikuwa ya kijana. "Kadzo, mama. Watu hawa wameleta mnazi, wanasema wewe ndiye uliyewaleta. Tunywe?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Mdomo ulikuwa wangu, Halima mwenyewe alisema! Lakini ungeona jinsi alivyoushika mrija tayari... Wewe ungesema nini?

"Nyweni, baba."

Shangazi akapiga vigelegele. Baba akavuta, akafumba macho, akasema mnazi mtamu namna ile haujapata kuingia nyumbani kwake. Nilikuwa mke. Baba alikuwa amekunywa akiwa hai. Nilirudi Garsen nikiimba.

Lakini pampu za Chara hazikuacha kuharibika! Kila wiki Katana aliitwa huko. Alirudi amenyoa vizuri, hana oili. Nami nilijiambia, mume wangu ni fundi hodari, watu wanampenda. Asubuhi moja aliniomba nimpigie pasi shati lake jeupe, kuna mkutano wa wakulima. Nilitia makaa kwenye pasi, nikainyoosha ile kola mpaka ikasimama kama karatasi. Nikampulizia na manukato yangu kidogo. Ndiyo, mimi mwenyewe!

Siku iliyofuata Halima alifika sokoni na hakufungua vibuyu vyake. Aliketi karibu yangu.

"Kadzo, leo mimi hapana cheka. Jana napeleka maziwa Chara. Naona bwana yako. Nabeba mtungi ya mnazi. Hapa, kwa bega. Yeye mwenyewe, mbele ya wazee. Shati nyeupe, inang'aa."

Samaki waliungua kwenye karai na sikuwaona.

Alikuwa anamposa binti wa mkulima wa mpunga. Sikuwahi kumchukia msichana yule, na sitaanza leo. Yeye hakuomba. Aliombwa.

Baba aliposikia, hakulia wala kutukana. Alisema tu kwamba yeye amekunywa mnazi wa mtu huyo, kwa hiyo mtu huyo ni mkwewe, na aje aeleze. Wazee wa pande mbili wakakutana uani kwa Mzee Ngala. Baba aliletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa leso mgongoni mwa dereva ili asianguke.

Katana alikuja na adabu zake zote. Alivua kofia. "Baba, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini sijaleta mnazi kwako. Mjomba, sema mbele ya watu. Mnazi ule nilikupa mimi?"

Mzee Ngala akatazama ndara zake. "Mimi niliukuta umeshafungwa kwenye pikipiki. Niliitwa tu kusindikiza."

"Basi aliyeununua aseme."

Mzee mmoja wa upande wao akaelewa kabla ya wengine, akapiga paja lake na kucheka. "Kumbe binti amejiposa! Amejiposa na akajikubali mwenyewe!"

Kicheko kile... Nitakufa nacho masikioni.

Baba hakucheka. Aligeuza shingo polepole. "Kadzo, ni kweli?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Yaani nilikuuliza kama ninywe mnazi wako mwenyewe," akasema, "nawe ukaniambia ninywe."

Nikamgeukia Katana, nikapiga kelele kama mwehu. Ulisema sawa! Nilikuambia unioe ukasema sawa!

"Nilisema sawa tu," akajibu kwa upole. Ule upole! "Mtu akikuuliza kama utakunywa chai, husemi sawa tu?"

"Nilikulisha! Nilikufulia! Nilikupigia pasi shati la kumposea mwenzangu!"

"Nilikuomba?"

Hapo ndipo aliponimaliza, ndugu zangu, kwa sababu hakuwa anadanganya. Ukiacha pasi ile ya mwisho, katika siku zetu zote mtu yule hakuwahi kuniomba kitu... isipokuwa spana.

Wazee waliamua kwamba hakuna posa iliyofanyika. Niliingia ua ule mke wa mtu, nikatoka mtu wa kutaniwa. Sokoni vijana wakanipa jina, Mposaji. "Mposaji, nipimie kambare!" Nikawapimia. Ningefanya nini? Njaa haijui aibu ya mtu.

Baba hakunipigia simu. Nilipokwenda kumwona, shangazi aliniambia amelala. Mara ya pili pia amelala. Nikaacha kwenda.

Kisha siku moja ya gulio, watu wamejaa, pikipiki ikasimama barabarani na baba akateremka. Dereva alitaka kumfikisha hadi kibandani, akakataa. Akatembea. Miguu ile iliyovimba kama maboga, fimbo mkono mmoja, mtungi mdogo mkono wa pili, anapiga hatua, anasimama, anapumua. Watu walitaka kumpokea mzigo, akawafukuza kwa fimbo. Soko zima lilimtazama. Nilitaka kumkimbilia nikashindwa hata kuinuka.

Akauweka mtungi mbele ya karai langu. Halima akampisha kigoda chake.

"Posa ikivunjika," baba alisema alipopata pumzi, "mnazi unarudishwa kwa aliyeuleta. Niliwauliza wazee, nirudishe kwa nani? Hawakujua. Mimi najua." Akausukuma mtungi kwangu kwa fimbo. "Chukua chako. Sasa hakuna mwanamume atakayesema baba yako alikunywa cha kwake. Akija mwingine, aje na miguu yake."

"Baba, nisamehe..."

"Nifungie samaki wawili," akasema. "Wenye mafuta."

Nikamfungia. Alipoondoka niliumwaga mnazi ule kwenye mtaro nyuma ya soko, nzi wakaushukia, na siku nzima wateja waliuliza harufu hiyo ni ya nini.

Baba alifariki kabla mto haujajaa tena. Mwingine hakuwa amekuja. Mpaka naandika haya hajaja.

Wapo watakaosema kosa langu ni kuuliza, kwamba mwanamke hamposi mwanamume. Sikubali! Moyo wa mwanamke nao una haki ya kusema unachotaka, na ningeuliza tena leo. Kosa langu ni kwamba niliuliza, kisha nikajijibu. Nilimnunulia maneno, nikamfungia kwa leso yangu, nikayapeleka kwa baba yangu nikasema ni yake.

Dada yangu unayesoma haya, labda na wewe unaye wa sawa tu. Nakusihi, muulize leo. Kisha nyamaza! Usimtafutie wazee, usimlipie pikipiki, usimnyooshee shati. Keti chini uone kama atainuka. Asipoinuka umeshajibiwa, na utakuwa umelia peke yako, bila kumliza mzee wako.

Mimi katika maisha yangu nimeletewa mnazi na mwanamume mmoja tu, akatembea nao kwa miguu yake mwenyewe, mbele ya watu, bila kuona aibu. Mwanamume huyo alikuwa baba yangu... na aliuleta kuurudisha.