Hina ya Mosi

Siku ya tatu baada ya Idd, mwaka 1992, Nasma aliamka viganja vimemjaa madoa mekundu. Kufikia adhuhuri mtaa mzima wa Utemini ulikuwa na jibu: mke mwenzake, Mosi, aliyewapaka hina maharusi wote wa mtaa, amemtilia sumu kwenye hina aliyompaka ya sikukuu. Mume wao, Abdulmajidi, muuza mitumba, ndiye aliyempeleka Mosi polisi.

Sajenti Scholastika alimweka rumande. Lo, alikuja kujuta!

"Yanawasha?" alimuuliza Nasma.

"Hayawashi wala hayaumi, afande. Hata tumboni yapo."

"Tumboni alikupaka hina?"

"Hapana."

Rumande, Mosi alinyoosha mikono. Alijipaka hina ya bakuli lilelile, na viganja vyake vilikuwa safi. Muuza hina wa sokoni, ambaye Scholastika alishaanza kumtilia shaka, naye akatoka lawamani hapo.

Scholastika akampeleka Nasma hospitali. Damu ilitoa jibu: kaswende, iliyokwisha kusambaa mwilini.

"Watu hudhani ni ya sehemu za siri tu," alisema tabibu. "Hutoka hata viganjani, na nywele hunyonyoka. Tumwahi, ana mimba."

Scholastika alirudi kwa Mosi, akamweleza jibu la damu. "Mbona wewe huna?"

Mosi aliinamisha uso. "Tangu amuoe Nasma, zamu zangu haji. Miezi mitano. Usinisemeshe zaidi, afande."

Jioni Abdulmajidi aliitwa kituoni, wake zake wote wawili wakiwapo.

"Vua kofia."

Nywele zilikuwa zimenyonyoka mabakamabaka.

"Mba tu, afande."

"Na nyusi nazo zina mba?"

Akakaa chini bila kuambiwa. "Nilipata kidonda Arusha, siku chache kabla ya kumuoa Nasma. Nikameza vidonge vya dukani, kikapona, nikajua yameisha. Madoa yake yalipotoka nikaelewa. Baba yake Nasma angejua, angemchukua binti yake. Nikasema Mosi atavumilia. Siku zote huvumilia."

Scholastika aliona aibu hata kumtazama Mosi.

"Nisamehe, dada. Kesho nitamwita balozi wa nyumba kumi, majirani wajue ukweli."

"Utawaambia Nasma anaumwa nini?"

Nasma alikuwa akilia, mikono tumboni.

"Mtoto huyu ana miaka kumi na minane," Mosi alisema. "Waache waseme ni hina yangu."

Jumamosi palikuwa na harusi Utemini. Bibi harusi alipakwa na mtu mwingine.