Mtumbwi wa Bibi Uliokataa Rangi

Kabula aliishi na Bibi yake kule Ukerewe, karibu kabisa na ziwa.

Siku hizo boti za injini zilikuwa chache. Bibi alikuwa na mtumbwi wa mbao, wa kijani. Rangi yake ilikuwa inabanduka.

"Humu nilipanda siku ya harusi yangu," alisema Bibi. "Humu mama yako alipanda kwenda shule. Alikuwa mdogo kama wewe."

Kabula akaukumbatia mtumbwi. Kila siku aliukumbatia.

Siku moja Mjomba Malima akaja na brashi na kopo la rangi.

"Mama, wewe kaa tu," alimwambia Bibi. "Mtazame fundi!"

*Kwaru, kwaru, sugua!*
*Pole, pole, paka!*

Mjomba aliuosha mtumbwi. Hakungoja ukauke. Akapaka.

Jua likawaka. Pu! Pu! Pu! Rangi ikaota malengelenge.

"Jua la hapa kali mno," alisema Mjomba.

"Jua?" alisema Bibi. "Umepaka mbao zilizolowa maji, halafu unasema jua!"

Wakakwangua rangi yote. Wakangoja mbao zikauke.

Kabula akatoka kuoga, anang'aa. Mbio! Akaukumbatia mtumbwi. "Kauka upesi," aliunong'oneza.

*Kwaru, kwaru, sugua!*
*Pole, pole, paka!*

Lo! Ubavuni rangi ikajitenga. Ikaacha vidoa vitupu, duara duara, kama macho ya samaki.

"Umezeeka huu," alisema Mjomba. "Unakataa rangi. Tuupasue kuni."

Kuni!

Bibi akasimama karibu na mtumbwi wake.

Kabula akainama. Akatazama vile vidoa. Vimejipanga mistari mitano juu. Na fungu moja pana chini.

Akasogeza kiganja chake karibu, bila kugusa. Kililingana!

"Bibi! Ni mkono wangu!"

Bibi akamnusa kiganja. "Mafuta ya mgando! Nakupaka mwenyewe kila ukitoka kuoga."

"Nimeuharibu?" Kabula akaficha mkono mgongoni.

"Hujauharibu, mjukuu wangu. Umeupenda. Ila rangi haishiki penye mafuta."

Bibi akamgeukia Mjomba. "Eti fundi, hilo ulilijua?"

Mjomba akakohoa. "Nilikuwa namsubiri mtoto aseme."

Bibi akacheka mpaka kitenge kikalegea.

Wakafuta rangi. Wakaosha mbao kwa sabuni nyingi. Wakangoja zikauke. Kabula alitaka sana kuukumbatia mtumbwi. Akamkumbatia Bibi.

*Kwaru, kwaru, sugua!*
*Pole, pole, paka!*

Rangi ikashika! Hakuna malengelenge. Hakuna macho. Laini kama yai.

Ilipokauka kabisa, wakausukuma majini. Mjomba akapiga makasia. Chubwi, chubwi, chubwi.

Bibi akaimba wimbo wa zamani. Katikati alisahau maneno. Akaimba hivyo hivyo.

Kabula akaweka kichwa kwenye paja la Bibi. Macho yakawa mazito. Akalala.

"Zunguka tena, Malima," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Tusimwamshe mtoto."

"Ni mtoto, Mama, au ni wewe hutaki kushuka?"

"Piga makasia, fundi."

Chubwi, chubwi, chubwi.