Line Niliyopewa na Bwanangu Ilikuwa na Wenyewe

Nina miaka ishirini na tatu, mama wa mtoto mmoja wa miezi tisa. Hadi juzi nilikuwa na bwana pale mtaa wa Raila, Kibera. Leo sina. Nyumba yangu ilivunjwa na line ya simu... ama niseme ukweli, na yeye aliyenipa.

Line yangu ilipoharibika, bwanangu, Baba Liam, aliniletea nyingine. Haikuwa na pakiti, aliikunja tu kwa karatasi. Sikuuliza. Mtu akikuletea kitu kizuri utamhoji?

Siku ya pili ikaanza kulia. "Mum?" Sauti ya mtoto mdogo. "Mum, unakuja lini?" Nikamwambia amekosea namba. Nyuma yake nikasikia mwanamke mzee akimwambia aulize tena.

Kesho yake, namba tofauti, mtoto yuleyule. Nikiblock moja wanapiga na nyingine. Nafua, inalia. Nanyonyesha, inalia... Wewe ungefanya nini?

Baba Liam akiisikia alikuwa anabadilika. Wakora hao, aliniambia, siku hizi wanatumia watoto. Kata. Siku moja alininyang'anya simu akaizima mwenyewe. Kila simu ikawa ugomvi. Tukaanza kulala tumepeana migongo.

Nikapiga moyo konde. Walipopiga tena nikamuuliza yule mzee anakaa wapi. Mtaa wa Kongo, Kawangware, akaniambia, nyuma ya posho mill, pale wanaposaga unga. Nikamfunga Liam mgongoni nikaenda, nia yangu ikiwa moja, kumwambia aache kabla hajaniharibia nyumba.

Alikuwa nyanya ya huyo mtoto, Cucu kama wanavyomwita huko. Hana simu, huomba za majirani. Binti yake Wambui, mamake huyo mtoto, alienda kufanya kazi ya nyumba Nakuru, na namba yake ambayo Cucu anaijua ni hiyo tu. Line yenyewe, akasema, Wambui aliandikishiwa na bwanake kwa kitambulisho cha huyo bwana.

Tukiwa bado tunaongea, mjukuu wake Shiku, yule wa kwenye simu, wa miaka minne hivi, akachukua simu yangu hapo kitini. Kwa kioo kuna picha ya Baba Liam amembeba Liam.

"Cucu, ona daddy." Kisha akaniangalia. "Na huyu baby ni wa nani?"

Nikachukua simu yangu nikarudi nyumbani.

Jioni nilimuuliza Baba Liam. Hata hakukana. "Line ni yangu, jina ni langu. Ulienda Kongo kutafuta nini?" Kumbe yeye na Wambui waligombana siku ile Wambui anaondoka, akaitoa line kwa simu ya Wambui kwa nguvu. Halafu akakaa kwa nyumba yangu, akamsikia mtoto wake mwenyewe akimtafuta mamake, akaniambia kata! Huyo ni mzazi?

Nilipobeba nguo zangu nikaenda kwa dadangu, Baba Liam alienda akaifunga hiyo line.

Dada zangu, kitambulisho unacho. Nenda ukaandikishe line yako, usipewe na mtu hata kama mnakula sahani moja. Na ukiona bwanako anaogopa simu ya mtoto, usingoje kama mimi. Muulize huyo mtoto yuko wapi.

Mimi nilinunua yangu, kwa jina langu, nikampelekea Cucu namba. Shiku hupiga na simu za majirani. Anauliza mamake amefika wapi. Kisha ananiuliza kama baby amelala.