Madoa Kifuani pa Nyanya Maximilla

Vumbi halichagui pa kutua, lakini madoa ya picha hii yalikuwa yamechagua. Ukuta nyuma ya yule mwanamke ulikuwa safi. Kiti alichokalia kilikuwa safi. Ni usoni na kifuani pake tu palipojaa vidoti vyeusi, vidogo kama mayai ya chawa.

Dorca alifuta kioo cha skana kwa kitambaa laini, akaskani tena. Vidoti vilikuwa palepale. Basi si uchafu wa kioo. Akaihifadhi picha hiyo kwenye kompyuta jinsi ilivyo, kama alivyofundishwa, kisha akaanza kazi.

Ilikuwa Ijumaa mchana, katika studio ya picha ya Zeituni, mtaa wa Kaloleni, Kisumu. Zeituni mwenyewe alikuwa ameenda msikitini. Owiti, mtoto wa Dorca wa miezi mitano, alilala juu ya leso kando ya meza. Kwenye benchi aliketi Awuor, mteja kutoka Usenge. Nyanyake, Maximilla, alikuwa azikwe kesho, na picha hiyo ya zamani ndiyo pekee waliyokuwa nayo ya kutia kwenye kijitabu cha mazishi.

"Sasa hayo madudu yatatoka?" Awuor aliuliza. "Watu watasema tumezika mtu wa ndui."

"Yatatoka, mama. Nitamfanya msichana mpaka wazee wa Usenge waulize kama ameolewa."

Awuor alicheka, akatoka kwenda kutafuta chai.

Kwenye kompyuta kulikuwa na kitufe cha kuondoa vumbi. Dorca alikibonyeza. Vidoti vilipungua, lakini uso nao ukalainika kama ugali uliomwagiwa maji. Macho na midomo vikapotea. Akairudisha ilivyokuwa. Kufuta kidoti kimoja kimoja kwa brashi ya kompyuta kungemfikisha jioni. Basi akafanya jambo ambalo Zeituni humkataza kila siku. Aliichukua picha yenyewe, akalowesha pamba kwa ulimi, akasugua.

Kidoti cha kwanza kilitoka. Pamba ikabaki na rangi ya manjano. Akailamba tena, ileile, akasugua cha pili. Mate yake yakawa matamu kidogo, kama maji ya waridi, kisha yakawa machungu. Hakujali. Alilamba na kusugua, akalamba na kusugua, mpaka picha yote ikang'aa.

Akaiweka kwenye skana. Safari hii mwanamke alitokea msafi kabisa.

Mdomo wake ulikuwa wazi.

Dorca aliitoa picha kwenye skana, akaitazama, akatazama skrini, akatazama picha tena. Dakika chache zilizopita mdomo ule ulikuwa umefungwa. Ndipo harufu ikaingia, harufu ya samaki wa omena walionyeshewa na mvua siku tatu wakaachwa kwenye gunia, nzito, yenye mafuta, ya kushika kooni, naye akainuka kufunga dirisha, na alipolifunga harufu ikazidi, kwa sababu haikuwa inatoka nje, ilikuwa inatoka kinywani mwake.

Owiti aliamka akalia. Dorca alimbeba kama kawaida, akafungua blauzi ili amnyonyeshe, na mtoto akiwa tayari ameachama, ameelekeza kichwa, Dorca akaona kwamba kuzunguka chuchu yake ngozi imejaa vidoti vyeusi, vimesongamana, vinameta kwa unyevu, na kila Owiti alipolia vilisogea pamoja kuelekea kwenye chuchu, polepole, kama funza waliosikia harufu ya nyama.

Akamsukuma mtoto. Akamlaza kwenye leso, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Zeituni alimkuta hapo, ameshika blauzi kwa mikono miwili, mtoto akipiga kelele.

"We Dorca! Mtoto amekufanya nini?"

"Usimlete kwangu," Dorca alinong'ona. "Yaye, Zeituni, usimlete."

Akaiachia blauzi, akaonyesha. Zeituni aliziba pua kwa mtandio. Kisha aliiokota ile pamba ya manjano, akainusa, na uso wake ukabadilika.

"Hii ni zafarani. Dorca, umefuta kombe, dawa ya aya."

Alimwita baba yake, Maalim Yahya, ambaye nyumba yake iko nyuma tu ya msikiti. Mzee alikuja na sahani nyeupe, wino wa zafarani na unyoya wa kuku. Alipoiona picha aliketi chini bila kukaribishwa.

"Huyu mama aliletwa kwa marehemu baba yangu nikiwa mdogo," alisema. "Watoto wake watatu walikufa wakinyonya. Jini lilikaa ndani ya maziwa. Baba aliandika aya kwenye sahani, akaziosha kwa maji ya waridi, akalifunga jini katika picha yake, tone kwa tone. Matone arobaini na moja. Nilikuwa nahesabu mimi."

"Lakini mimi ni wa kanisa, Maalim," Dorca alisema.

"Jini nalo halikukuuliza unasali wapi, binti yangu. Nionyeshe matone yalikuwa wapi na wapi. Lazima nirudishe palepale."

Zeituni alimgeukia Dorca. "Ile ya kwanza, kabla hujasafisha. Uliihifadhi?"

"Iko."

Waliifungua, wakaikuza ikajaa skrini. Maalim aliandika aya sahanini, akaziosha, akachovya ncha ya unyoya. Zeituni alionyesha kwa kidole, mzee akadondosha. Kila tone lilipogusa picha, Dorca alipiga kwikwi na kutema ndani ya beseni kitu cheusi, laini, cha duara, kama jicho la samaki. Vilianguka vikishikana kwa ute. Vingine vilijaribu kupanda ukingo wa beseni, na Zeituni akavisukuma ndani kwa rula huku akitapika pembeni.

"Thelathini na tisa," Maalim alihesabu. "Arobaini." Akasubiri. "Lingine?"

Zeituni alitafuta skrini nzima. "Hakuna, Baba."

Mzee alilinganisha picha na skrini, akaguna. "Hapa chini pamekatwa. Kwenye skrini hamna vidole vya miguu."

Dorca alikumbuka. Aliibana picha pembeni mwa kioo, ukingo wake haukusomwa. Lakini pamba alikuwa ameipitisha kila mahali, hata miguuni.

"Weka tu popote hapo chini," alisihi.

"Nikikosea nitalifungia ndani yako." Maalim aliweka unyoya chini. "Siwezi, binti yangu."

Ngozi ya Dorca ilikuwa imetakata. Harufu ilikuwa imeisha. Pichani, mwanamke alikuwa amefunga mdomo. Owiti alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, sasa ananyonya ngumi yake.

"Nipe kikombe," Dorca alisema.

Aliwapa mgongo, akakamua. Maziwa yalitoka meupe. Akakamua tena, meupe. Zeituni alianza kusema alhamdulillahi. Dorca aliinamisha kikombe kuelekea dirishani ili aone vizuri, na kutoka chini ya maziwa kikapanda kidoti kimoja, kikazunguka ukingo taratibu, kikaja kusimama upande alikokuwa amelala mtoto.

Akageuza kikombe. Kidoti kikazunguka tena, kikarudi upande uleule.

Dorca alifunga blauzi, kifungo baada ya kifungo, mpaka shingoni.

"Zeituni," alisema bila kumtazama Owiti, "mchukue. Mtafutie maziwa ya ng'ombe. Na leo usimrudishe kwangu, hata ukisikia nalia."