Pua ya Pini

Kila Jumamosi, kabla mabati ya gereji hayajaanza kulia kwa joto, Kengele alikuwa keshafagia. Alianza na pembe ya matairi, akaja penye meza ya spana, kisha akamwaga maranda ya mbao palipodondoka oili ili yainyonye. Mwisho kabisa aliifuta stendi ya injini, taratibu, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga.

Stendi hiyo baba yake aliiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu. Chini ilikuwa na magurudumu manne, na juu bamba la duara lenye mikono minne. Mikono hiyo ilirefushwa au kufupishwa kufuata ukubwa wa injini, ikakazwa kwa boliti, na injini ikabaki hewani. Fundi akitaka, alizungusha bamba kwa mpini, injini ikalala ubavu au ikasimama kichwa chini, naye akaifanyia kazi bila kuumiza mgongo. Kitu kilichoizuia isijigeuze yenyewe kilikuwa pini moja ya chuma, nene kama kidole gumba, iliyoingia tundu la juu na kutokea tundu la chini.

Sasa, fundi alisimama mbele akishika mpini, na pini ilikuwa nyuma. Hakuweza kuiona. Ndiyo maana gereji ile ilikuwa na sheria yake. Mshika pini alichomeka pini, akapapasa kwa chini mpaka kidole kiguse ncha yake, ambayo wao waliiita pua. Akishaigusa pua, alipaza sauti: "Imelala!" Fundi alijibu: "Ilale!" Hapo ndipo alipoachia mpini, si kabla.

Tangu alipokuwa na miaka tisa, mshika pini alikuwa Kengele, binti wa fundi mwenyewe. Jina hilo alilipata hapohapo. Sauti yake ilifika mpaka kwa muuza mkaa mwisho wa barabara, na muuza mkaa alizoea kuitikia kutoka kulekule, "Ilaleee!" watu wakacheka. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi ile ilikuwa fahari yake yote.

Kisha akaja binamu.

Shangazi yake Kengele alikuwa amelazwa hospitalini kwa muda mrefu, na binti yake akaletwa kukaa nao. Alikuwa rika moja na Kengele, mwembamba, mwenye vidole virefu na maneno machache. Ukimsalimu, aliitikia kwa kope. Akila, alikula kimya. Akilia, alilia kimya, amegeukia ukuta, kwenye kitanda ambacho zamani kilikuwa cha Kengele peke yake.

Wiki ya kwanza Kengele alimwonea huruma. Wiki ya pili huruma ikaanza kuchacha. Nyama nzuri, binamu. Kiti cha karibu na baba, binamu. Na jioni moja alimsikia baba akimwambia, "Kula, mwanangu, usiogope." Mwanangu! Neno hilo lilimkaa Kengele kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi iliyofuata baba alimwita binamu penye stendi.

"Kuanzia leo, pini ni yako," alimwambia. Kisha akamgeukia Kengele. "Na wewe mfundishe mwenzako. Yote, sawa?"

"Na mimi je, Baba?"

"Wewe utanisaidia kuosha vipuri."

Kuosha vipuri! Kazi ya kukaa pembeni na beseni la dizeli! Kengele alitaka kuuliza kosa lake ni nini, lakini baba alikuwa keshainama chini ya gari jingine, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

Basi akamfundisha binamu. Alimwonyesha tundu, akamwonyesha namna ya kuchomeka na namna ya kuita. Lakini kijiba cha roho kilikuwa kimemshika, na mambo mawili aliyaacha. Hakumwambia kwamba pini zilizoning'inia ukutani zilikuwa mbili kwa sababu moja ilikuwa fupi, ya injini nyepesi za pampu za maji. Vichwa vya zote mbili vilipindwa sawasawa. Zikishachomekwa, hutambui ipi ni ipi. Na hakumwambia habari ya kuigusa pua.

"Atajua mwenyewe, si ndiye mtoto mpendwa," alijiambia. Alichotaka ni kitu kidogo tu: binamu akosee, watu wamcheke, baba aseme, Kengele, rudi mahali pako.

Jioni baba aliuliza, "Umemfundisha yote?"

"Yote, Baba," Kengele alijibu, akaendelea kusugua spana iliyokuwa tayari safi.

Siku chache zilipita, nazo kazi zilikuwa ndogondogo, za breki na betri, stendi haikuguswa. Jumamosi ikafika tena, na pamoja nayo akafika dereva wa gari la mikate, kofia mkononi, jasho usoni.

"Fundi, nifanyie hima. Mikate haina miguu, haitajipeleka dukani."

"Na injini nayo haina masikio, haisikii hima," baba alimjibu. "Kaa hapo kwenye tairi, unywe maji."

Injini ya gari lake, aliloliacha gerejini, ilikuwa imekwisha kutolewa tangu siku iliyotangulia. Waliinyanyua kwa mnyororo, baba akarefusha mikono miwili ya stendi, akafupisha miwili, akakaza boliti. Kisha akashika mpini, akaizungusha injini polepole mpaka ikawa kichwa chini.

"Pini!"

Binamu akanyoosha mkono ukutani, akachukua pini iliyokuwa karibu. Kengele, pale kwenye beseni la dizeli, aliona. Ilikuwa ile fupi.

Sema, ulimwambia moyo. Ngoja kidogo, kilijibu kijicho. Ngoja aumbuke.

"Imelala," alisema binamu kwa sauti ya mbu.

"Nani anaota?" baba alitania. "Paza, mwanangu! Mtu wa mkaa asikie!"

"Imelala!"

"Ilale!" Baba akaachia mpini. Injini ikatulia. Kengele akashusha pumzi. Kumbe hata fupi inashika, alijiambia, ingawa alijua si kweli. Injini ilikuwa imetulia kwa sababu tu uzito ulikuwa umelingana pande zote. Baba alianza kufungua nati za bakuli la oili, moja baada ya moja, na kila mvuto wa spana uliitikisa injini kidogo.

Nati moja ikaponyoka, ikadunda, ikaingia chini, katikati ya injini na fremu ya stendi, karibu na kopo la kukingia oili.

"Mjomba, niichukue?" binamu aliuliza. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kusema jambo bila kuulizwa.

"Haya, wewe una vidole virefu. Ingiza mkono taratibu."

Binamu akapiga magoti. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, shavu lake likigusa chuma. Na Kengele akaona kichwa cha pini kikiinuka. Kidogo tu, kama mtu anayeamka usingizini. Kikainuka tena.

Sauti iliyofika mwisho wa barabara kila siku, leo haikufika hata kwenye meno. Kisha ikatoka yote kwa mara moja.

"Toa mkono! Haijalala! Baba, shika! Shika!"

Binamu akajivuta nyuma, akaanguka kwa makalio. Pini ikaruka, ikalia sakafuni. Baba alidaka mpini, lakini injini ilikuwa imeshajigeuza, na pembe yake ikashuka juu ya kopo la oili. Kopo la chuma likakunjika kama karatasi. Oili ikatambaa sakafuni mpaka kwenye viatu vya dereva wa mikate, naye hakusogea.

Wote walilitazama lile kopo, na kila mmoja aliona mkono.

Baba alichukua pini ndefu, akaichomeka mwenyewe, akaigusa pua mara mbili. Kisha akaiokota ile fupi.

"Hii ni ya pampu," alisema polepole. "Imefikaje hapa?"

"Ni mimi, mjomba." Binamu alikuwa akilia. "Nimekosea. Nisamehe. Sitaigusa tena."

Baba alifumba macho kidogo. "Basi, mwanangu. Usilie. Kosa ni langu, nimekupa kazi mapema." Akamgeukia Kengele, akamwekea mkono begani. "Ahsante, mama. Macho yako yameokoa mkono wa mwenzako. Pini irudi kwako."

Akampa.

Hiyo hapo, pini, kiganjani mwake, kila kitu alichokitamani wiki nzima. Hakuhitaji kusema neno. Dereva wa mikate alikuwa anamtazama kama shujaa. Binamu alijifuta pua kwa mkono wa gauni na kuanza kurudi nyuma, kuelekea kwenye beseni la dizeli, pembeni, mahali pa mtu aliyeshindwa.

Kengele alihisi pini ikiwa nzito kuliko injini.

"Baba, hakukosea yeye."

"Unasemaje?"

"Hakuna aliyemwambia kuwa pini moja ni fupi. Wala kugusa pua hakufundishwa. Niliacha makusudi. Nilikudanganya. Na leo nilimwona anachukua ile fupi, nikanyamaza."

Mabati yalialika kwa joto. Baba aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

Aliyesema kwanza alikuwa binamu. Na hakusema, alipiga kelele.

"Mkono wangu! Ulikuwa mkono wangu mle! Nimekukosea nini mimi? Sikuja kwenu kwa kupenda! Mama anaumwa! Unadhani nakitaka kitanda chako? Namtaka mama yangu!"

Kutoka mwisho wa barabara sauti ya muuza mkaa ilisikika ikiuliza kuna nini huko.

Kengele alilia mpaka kwikwi. "Nisamehe," alisema. "Baba alikuita mwanangu. Akakupa pini yangu. Nikadhani mimi sina changu tena."

Dereva wa mikate akasimama taratibu. "Fundi, mikate itasubiri," alisema, akatoka nje.

Baba aliwaita wote wawili wakae mbele yake.

"Kengele, unajua kwa nini nilimpa binamu yako kazi ile?"

"Kwa sababu unampenda kuliko mimi."

"Ningekuwa na sababu hiyo nisingestahili kuitwa baba. Tangu afike, mtoto huyu alikuwa ameifungia sauti yake kifuani. Nikawaza, hapa gerejini kuna kazi moja tu ambayo huwezi kuifanya bila kupaza sauti. Kazi yako. Nikamwazima kazi hiyo, nikijua wewe sauti unayo ya kutosha. Ila sikukueleza. Nilikutoa mahali pako bila neno, na hilo ni kosa langu, nalikiri mbele yenu."

Kengele aliinamisha kichwa.

"Lakini sikiliza. Watu husema hasidi hana sababu. Wewe sababu ulikuwa nayo, uliumia. Ungekuja ukaniambia, Baba, naumia. Maumivu yakisemwa hutibika. Yakifichwa hutafuta mtu wa kumuumiza."

Siku hiyo baba hakumchapa wala hakumfokea. Alimtuma kwa dereva wa mikate akamweleze mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa nini gari lingechelewa mpaka jioni. Kwenda na kurudi ilikuwa hatua ishirini, na Kengele hakuwahi kutembea safari ndefu kama ile. Dereva alimsikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Angalau umekuja mwenyewe." Kisha Kengele akaruhusiwa kurudi penye stendi kwa kazi moja: kumfundisha binamu upya.

Safari hii alifundisha yote. Alimfunga binamu macho kwa kitambaa, akampa pini ndefu na fupi azitofautishe kwa uzito. Alimwelekeza namna ya kupapasa kwa chini, penye tundu la pili. "Usiite mpaka uguse pua," alisema. "Hata Baba akikuharakisha. Hata mwenye gari akilia." Binamu hakutabasamu, ila aliuliza maswali, na kila swali Kengele alilijibu mpaka mwisho.

Baba alizungusha injini tena kichwa chini. Nati ilikuwa bado mle ndani.

"Nani ataichukua?" aliuliza.

"Mimi," alisema Kengele.

Alipiga magoti. Kutoka chini, injini ilionekana kubwa kama nyumba. Hakuiona pini wala mikono ya binamu. Alisikia chuma kikikwaruza chuma, kisha kimya. Kimya kirefu. Alielewa sasa jinsi ilivyo kukaa upande huu, huna jicho, una neno la mwenzako tu.

"Imelala!" binamu aliita, sauti kavu, yenye hasira kidogo bado, lakini kubwa.

"Ilale!" baba alijibu, naye Kengele akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vikahangaika kidogo ndani ya oili, ndipo vikaipata nati.

Alipoitoa, baba aliipokea akaifuta kwa kitambaa.

"Wanangu," aliwaambia, "ujuzi ukimpa mwenzako nusu, umempa mtego. Mpe wote. Hutapungukiwa na kitu, na siku moja mkono utakaookoka utakuwa wako mwenyewe."